Sita kwa Nne

Juu ya mji mdogo wa Maji ya Chai, nje ya Arusha, ambako ndugu wa tumbo moja wanaweza kushtakiana mbele ya ukoo kwa sababu ya hatua tatu za mpaka, kuna mtu ana kiwanja cha tenisi. Simaanishi hoteli wala shule. Namaanisha mkulima mwenye migomba na ng'ombe mmoja wa zizini, na katikati ya shamba lake kuna kiwanja kamili chenye neti na mistari ya chokaa, kimefagiliwa mpaka unaona aibu kukikanyaga. Mwenyewe anaitwa Nathanael Akyoo. Ana miaka sitini na mitano na anaishi peke yake. Ukimuuliza kiwanja ni cha nini, atakuambia ni cha binti yake. Ukimuuliza binti yuko wapi, atainama aokote jani lililoanguka karibu na mstari.

Mwaka tisini na nane aling'oa mibuni ya marehemu baba yake ili apate nafasi hiyo. Kaka yake mkubwa, Eliasi, ambaye shamba lake limepakana naye, alisimama kwenye mfereji akaangalia mashina yanavyotolewa moja moja, akalia machozi ya kweli. Kijiji kizima kilicheka. Wakasema wenzake wamepanda kahawa, yeye kapanda chokaa. Mkewe, Ndeshi, hakumsemesha siku mbili. Siku ya tatu alimletea chakula pale pale alipokuwa akishindilia udongo wa moramu kwa pipa lililojaa mawe, akakaa kwenye jiwe, akamwambia, "Haya, nionyeshe huyo mtoto atasimama wapi."

Mtoto alikuwa Nanyori, miaka minane, aliyerithi jina la bibi yake mzaa baba. Kwa hiyo Nathanael hakuwahi kumwita mwanangu. Alimwita mama.

Sasa, kuhusu kazi yake. Kwa miaka thelathini na minane Nathanael alikuwa kocha wa tenisi katika klabu moja ya mjini Arusha, ng'ambo ya Mto Themi. Kocha ni jina tu. Kazi yenyewe ilikuwa kucheza na wanachama waliokosa mwenza, na kushindwa. Nasema kushindwa kwa makusudi, kwa ustadi, bila mtu kujua. Meneja wa benki aliyepigwa gemu sita bila Jumamosi hii, Jumamosi ijayo anakumbuka ana mgonjwa wa kumtazama. Aliyeshinda anarudi, anakuja na rafiki yake, na anakuagizia soda. Mzee aliyemtangulia kazini alimfundisha siku ya kwanza kabisa: "Sita kwa mbili atajua umemwachia. Saba kwa tano utamchosha na tumbo lake. Mpe sita kwa nne, atalala usingizi mnono."

Basi Nathanael akatoa sita kwa nne kama mama ntilie anavyotoa wali. Aliwapa madaktari, wafanyabiashara wa tanzanaiti, mpaka na padri mmoja mwenye pumu. Mpira wa mwisho aliupeleka kwenye neti kwa upande wa kushoto, akatikisa kichwa mara mbili, akagonga raketi kwenye soli ya kiatu, akasema, "Leo umenizidi." Alilisema kila wiki ya Mungu. Ulimi wake ulikuwa na njia ya maneno hayo kama ng'ombe walivyo na njia yao ya kwenda mtoni.

Mtu mmoja tu pale klabuni alijua Nathanael alikuwa mchezaji wa namna gani, naye ni Solomoni wa baa. Solomoni alitoka Sekei, alikuwa na sauti kubwa na mguu mfupi, na hakuwahi kushika raketi maishani. Lakini televisheni ya baa ilikuwa juu ya kichwa chake, na mashindano makubwa ya Ulaya yalionyeshwa mchana, wakati wanachama wako makazini. Wawili hao walikaa wakaangalia. Mwaka elfu mbili na mbili walimwona bingwa wa Wimbledon mara saba akitolewa na Bastl, Mswisi aliyekuwa ameshindwa hata kwenye mechi za kufuzu akaingizwa kwa bahati tu mtu alipojitoa. Solomoni aliangusha sinia. Siku hiyo hiyo wakanunua daftari la mistari, na juu yake Nathanael akaandika kwa herufi kubwa: VIGOGO WALIOANGUKA.

Likawa daftari la maisha yao. Waliwapanga vigogo wote, wa kale waliosoma habari zao kwenye magazeti yaliyoachwa na wanachama, na wa sasa waliowaona kwa macho. Kila mwaka mpangilio ulivunjwa ukapangwa upya. Soderling kumwangusha Nadal kwenye udongo wa Paris, mahali ambapo Nadal hakuwahi kushindwa tangu azaliwe, alianza namba tatu, akapanda mbili, akashushwa tena Solomoni alipoamka vibaya. Rosol, wa mia moja duniani, aliyemtoa Nadal huyo huyo Wimbledon, alikaa namba tano miaka mingi. Namba moja ndiyo haikupatana. Solomoni alimtaka Vinci, aliyemtoa Serena New York wakati Serena amebakiza mechi mbili tu achukue mataji yote manne ya mwaka mmoja. Nathanael alimtaka Horvath, msichana aliyemshinda Navratilova mwaka themanini na tatu.

"Mwaka mzima Navratilova alishindwa mara moja," Nathanael alisema. "Mara moja, Solo! Mwaka mzima!"

"Hukuiona hiyo mechi wewe."

"Na Musa kupasua bahari ulimwona?"

Waliweka sharti kwamba namba moja haiandikwi mpaka wote wawili wakubali. Na sharti la pili, ambalo Solomoni ndiye alilileta: aliyeshindwa awe alitaka kushinda. "La sivyo si kuanguka, ni kulala," alisema, na alipolisema alimtazama Nathanael kwa jicho la utani. "Ndiyo maana wewe, pamoja na vipigo vyako vyote, humu huingii ng'o." Wakacheka. Kulikuwa na mechi moja tu ambayo Nathanael hakupenda kuijadili, ile ya Dokic, binti wa miaka kumi na sita aliyemfunga Hingis, namba moja wa dunia, katika raundi ya kwanza. Solomoni alijua sababu, akaiacha ikae namba nane kimya kimya.

Sababu ilikuwa Nanyori. Kwenye kile kiwanja cha nyumbani alikua akicheza na baba yake kila jioni ya siku isiyo na mvua. Alikuwa na mkono mzuri, mguu mwepesi, na hasira ya kutosha. Alipofika miaka kumi na mitatu alianza kumshinda baba. Ndeshi alipiga vigelegele mpaka majirani wakadhani kuna mahari. Akamshinda tena, na tena, miaka mitatu, na kijiji kikaanza kusema labda ile kahawa haikung'olewa bure. Nathanael alikuwa na furaha kiasi kwamba hakujiuliza kitu ambacho mtu yeyote mwenye akili timamu angejiuliza. Sikiliza, hakukusudia kumdanganya mtoto. Mkono tu ulikuwa umeshazoea. Mpira wa mwisho ulijiendea wenyewe kwenye neti.

Mwaka elfu mbili na sita Nanyori alikwenda Moshi kwenye mashindano ya vijana, miaka kumi na sita, akiwa na raketi mpya na uhakika kwamba amemshinda kocha wa klabu ya Arusha mara zisizohesabika. Alikutana na msichana wa Nairobi. Akafungwa sita bila, sita bila. Baba yake alikaa kwenye majukwaa akiona jinsi binti yake anavyogeuka kumtazama baada ya kila pointi, kama mtu anayeuliza njia.

Jumamosi iliyofuata Nanyori alimfuata klabuni bila kumwambia. Akasimama nyuma ya uzio. Ndani, baba yake alikuwa anacheza na mfanyabiashara mmoja mnene aliyekuwa akihema kama mashine ya kusaga. Akaona gemu zikifika tano kwa nne. Akaona mpira wa kushoto ukienda kwenye neti. Akaona kichwa kikitikiswa mara mbili, raketi ikigongwa kwenye soli, na akasikia, "Leo umenizidi."

Hakupiga kelele. Alipofika nyumbani alitundika raketi kwenye msumari jikoni, akamwambia baba yake sentensi moja tu: "Hata mimi ulinifanya mwanachama." Hakuingia tena kiwanjani. Alimaliza shule, akasoma maabara, akapangiwa hospitali huko Songea, na kama serikali ingekuwa na hospitali mbali zaidi ya hapo nadhani angeiomba.

Tangu hapo Nathanael amefagia kile kiwanja kila asubuhi. Watu walidhani ni kichaa cha uzee, lakini alianza akiwa na miaka arobaini na sita. Ndeshi alikufa miaka mitatu iliyopita, akazikwa chini ya migomba, hatua ishirini kutoka mstari wa nyuma. Solomoni alikuwa ametangulia mwaka mmoja kabla, presha, ghafla, huku namba moja ikiwa bado haijaandikwa. Nathanael alileta daftari nyumbani. Kuna siku, chai ikiwa mezani, anamtetea Vinci kwa sauti ya Solomoni, halafu anajijibu kwa yake. Ni upweke mbaya huo, kushinda ubishi kwa sababu mwenzako amekufa. Nanyori hupiga simu Jumapili baada ya ibada.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mama."

"Umekula?"

"Nimekula."

"Goti?"

"Linaendelea."

Dakika tatu, na zinaisha. Anakaa na kile kisimu chake cha tochi mkononi mpaka kipoe.

Mwezi wa kumi na moja mwaka huu Nanyori alikuja kujengea kaburi la mama yake. Mafundi walisakafia, mchungaji akabariki, watu wakala ndizi nyama wakaondoka. Alikuwa na siku moja iliyobaki. Jioni alisimama ukingoni mwa kiwanja, mwanamke wa miaka thelathini na mitano, mnene kidogo, kanga kiunoni, akaitazama mistari.

"Bado unakichora?"

"Kinachoka kisipochorwa," baba akasema. Halafu, kwa sababu alikuwa amejiandaa kwa maneno hayo miaka kumi na tisa na hakuwa na mengine, akasema: "Mama, tucheze seti moja."

Nanyori alikaza kanga yake. Kisha akaenda jikoni akaitoa ile raketi kwenye msumari.

Nathanael alikuwa amekwisha kuapa. Alipita kaburini asubuhi ile akamwambia Ndeshi kwamba leo hataachia hata pointi moja. Angemfunga mtoto sita bila, bila huruma, kama alivyostahili kufungwa tangu zamani. Hiyo ndiyo ilikuwa namna yake ya kuomba msamaha, wala hakuijua nyingine. Na angemshinda, kwa nini asimshinde? Yeye alipiga mpira ukutani kila siku. Binti hakuwa ameshika raketi tangu shule.

Alianza kwa nguvu. Moja bila, mbili bila, tatu bila. Nanyori alikuwa akikosea, miguu mizito, lakini kila alipopigwa pointi alimtazama baba yake kwa namna ambayo Nathanael hakuwa ameiona tangu akiwa mtoto. Uso ulikuwa umefunguka. Eliasi, ambaye alikuwa amefika kuaga, alikaa kwenye jiwe la Ndeshi akiangalia mambo asiyoyaelewa.

Halafu mikono ya Nanyori ikakumbuka. Mpira mmoja ukaenda pembeni kabisa, mwingine ukamfuata. Alikumbuka pia kwamba baba hapendi mpira wa juu upande wa kushoto, na jicho la kushoto la baba lilikuwa limeanza ukungu bila mzee kumwambia mtu. Tatu kwa moja, tatu kwa tatu. Goti likaanza kulia. Nathanael alikimbia. Wallahi alikimbia kama anayefukuzwa, mate yakamkauka, shati likamganda mgongoni. Nne kwa nne. Kisha Nanyori akachukua gemu ya tisa, ikawa tano kwa nne.

Hapo ndipo Nathanael alipoiona namba inayokuja, na hofu ikamshika. Afungwe saba kwa tano, afungwe namna yoyote ile, lakini si hiyo. Alipigania gemu ya kumi kuliko alivyopigania kitu chochote duniani. Walifika arobaini kwa arobaini mara tano. Mara mbili alibakiza pointi moja tu kusawazisha, mara mbili Nanyori akaichomoa. Kisha ukaja mpira mrefu kwenye kona ya kushoto. Aliukimbilia. Mguu ukateleza juu ya moramu, goti likagusa chini, kiganja kikagusa chini, raketi ikaufikia, akaupiga. Mpira ukagonga utepe wa neti, ukasimama kidogo pale juu, ukarudi kuangukia upande wake.

Akainuka. Alikuwa hana pumzi wala akili. Na mwili wa mtu aliyefanya jambo moja miaka thelathini na minane haumngoji mwenyewe. Kichwa kikatikisika mara mbili. Raketi ikagonga soli ya kiatu. Mdomo ukasema:

"Leo umenizidi."

Alilisikia neno likiwa limeshatoka. Upande wa pili uso wa Nanyori ulijifunga. Ulijifunga taratibu, bila hasira, na hilo lilimuumiza baba yake kuliko hasira.

"Mama, hapana. Haki ya Mungu, mama. Nimecheza."

"Najua baba."

"Nimecheza kweli! Naapa kwa mama yako pale."

"Usimwapie mama." Alivuka neti, akamshika mkono, akamfuta moramu kiganjani kwa ncha ya kanga. Aliongea kwa sauti ambayo bila shaka huwapa wagonjwa majibu nayo. "Nilikuwa nataka unipige tu, baba. Ungenipiga sita bila ningefurahi. Twende ndani, uweke goti maji ya moto."

Waliongea mambo mengine jioni ile, dawa za ng'ombe na bei ya sementi. Alfajiri bodaboda ilimchukua kumshusha barabarani. Alimkumbatia baba yake vizuri kabisa, na akasema atapiga simu Jumapili.

Kulipokucha sawasawa Nathanael alitoka na fagio lake la njukuti. Alifika ukingoni akasimama. Udongo wa namna ile hauna siri, mwenye kuufagia kila siku anausoma. Mechi nzima ilikuwa imelala pale. Aliona nyayo zake za gemu ya kwanza, fupi na zenye uhakika. Aliona mahali alipoanza kuburuta mguu. Na kwenye kona ya kushoto kulikuwa na mfereji mrefu wa kiatu, hatua mbili nzima, mbele yake duara la goti, na pembeni kiganja na vidole vyote vitano. Mtu anayeachia haachi alama hizo. Angekuwa Solomoni hai, angemleta hapa, na Solomoni asingebisha.

Eliasi alipita na debe la kahawa yake, maana miaka yote hii, kila kiwanja kikiwa wazi, huja kuianika hapo, kwenye shamba alilolililia.

"Leo hujafagia?"

"Leo sifagii. Anika kwako."

Eliasi akatazama kiwanja, akatazama goti la mdogo wake. "Jana alishinda nani? Mimi nilitazama tu, hesabu zenu siziwezi."

"Nanyori."

Eliasi akacheka, akamgonga begani kwa upendo. "Umemwachia vizuri, bwana. Wewe ni baba mwema." Akaenda zake na debe lake.

Nathanael aliingia ndani akafungua daftari. Kwenye namba moja, iliyokuwa wazi miaka ishirini na zaidi, aliandika kwa mkono uliotulia: Nanyori Akyoo, hajashika raketi miaka kumi na tisa, amemfunga Nathanael Akyoo, sita kwa nne. Akafika kwenye nafasi ya sharti la Solomoni. Akaandika: Alitaka kushinda. Akaisoma kwa sauti. Hakuna aliyebisha, na alitamani sana mtu abishe.

Saa nne wingu likateremka kutoka mlimani, na matone ya kwanza ya vuli yakaanza kupiga majani ya migomba. Nathanael alichukua nailoni ya Eliasi ya kufunikia kahawa, akachechemea mpaka kona ya kushoto. Aliitandaza juu ya ule mfereji wa kiatu, goti na kiganja, akaibana kwa mawe manne. Kisha akarudi barazani, akakaa kwenye kiti kimoja kati ya viwili, akaangalia mvua ikifuta kiwanja chote kilichobaki.